Moto wa Kariokor

Mwanawe ndiye aliyeuwasha.
Mimi nilisimama nyuma, karibu na ukuta,
viatu mkononi, nisijue kama ni adabu kuvivua.
Moshi ukapanda juu ya mabati ya Kariokor,
ukapita soko la vyondo, ukapita kwa kinyozi,
ukaelekea ninakofikiri ni juu.

Miaka thelathini nimefundishwa kuogopa moto.
Katika darasa la ubatizo, kule Kayole,
Mchungaji Ondeyo alituwashia njiti ya kiberiti:
wekeni kidole hapa, mhesabu hadi tatu.
Sasa hesabuni milele.
Mimi nilifika mbili.

Na huyu, Jethalal Maru, fundi saa wa Ngara,
sikumwona akihesabu ila meno ya magurudumu,
nauli yangu ya kurudi nyumbani,
na viganja vya mtama alivyowamwagia shomoro
kila alfajiri juu ya paa, kabla hajaonja chai.
Sisimizi akiingia kwenye droo alimtoa kwa karatasi,
akamsindikiza hadi mlangoni kama mteja.

Nilimuuliza siku moja, "Mzee, umeokoka?"
Akaninyanyulia lile jicho lenye kioo cha kukuzia,
kubwa kama la ng'ombe.
"Kutoka wapi?" akasema.
"Nishikie koleo."

Sasa niseme la kwangu.
Mwaka ule karo ya Mumbua iliponikaba koo
niliuza saa ya mteja, ya dhahabu,
iliyokaa miezi saba bila mwenyewe.
Nilikuwa nimeokoka. Nilikuwa na cheti, kina muhuri.
Jumapili nikaitolea ile saa fungu la kumi.
Mwenyewe alipotokea, akiwa na risiti yake iliyochakaa,
Jethalal alipekua kabati, akapekua tena,
kisha akavua yake mkononi, ya babake,
akaiweka juu ya meza.
Jioni nilipokuwa nafagia alisema tu,
"Musyimi, saa ikikosea usiipige.
Ifungue."

Mchungaji nilimwendea na hesabu hii.
Alinyamaza kitambo, nampa heshima yake,
akafuta miwani kwa ncha ya tai,
akasema njia ni moja, mlango ni mmoja,
na wema peke yake, ndugu yangu,
ni hundi isiyo na sahihi.

Mlango upo. Siukatai. Nimeuingia,
magoti yangu yanaijua sakafu yake.
Lakini yangu ilikuwa na sahihi na haikuwa na pesa.
Kama nimo ndani,
nimo kwa kuwa mtu aliye nje alilipa nisifukuzwe.
Na aliyeutumia mkono ule kunitoa
kwenye moto wangu mdogo, wa duka, wa mwezi mmoja,
je, ataukata ukishamaliza kazi?

Sijui.
Nimekaa na neno hili tangu Alhamisi,
nimelilaza upande huu na ule kama mgonjwa.
Usiku naomba kwa jina ninalolijua
kwa ajili ya mtu asiyeliita,
na sijasikia sauti ikiniambia nyamaza.

Kesho yake walizoa majivu.
Hiten alinipa chombo nimshikie
huku akitafuta funguo za gari mfuko kwa mfuko.
Kilikuwa bado na joto.
Likapenya shati, likanifikia kifuani, likatulia.
Nilihesabu moja, mbili, tatu,
nne,
halafu nikaacha kuhesabu.

Leo nimefungua duka saa mbili kasorobo.
Shomoro walishafika, wakali, wanadai chao.
Nimewapa.
Kisha akaingia mama na saa ya marehemu mumewe,
akauliza kuitengeneza ni pesa ngapi,
na mkono wake tayari ulikuwa kwenye leso, unafungua fundo.
Nimeigeuza. Nimeipuliza vumbi.
"Haijaharibika, mama," nimemwambia.
"Imekosa tu mtu wa kuitia ufunguo."